Shaba na Magitaa: Kuinuka na Kuzimika kwa Zamrock

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 muziki wa roki ulianza kugawanyika katika matawi. Tawi la kwanza lilikuwa roki ya saikedelia, iliyochipuka California na London kati ya mwaka 1966 na 1967, ambayo wapigaji wake walikusudia kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kawaida ya fahamu kwa kutumia sauti zilizopindishwa, mwangwi mrefu na nyimbo zisizo na pupa ya kufika mwisho. La pili lilikuwa roki ya progresivu, iliyochota kutoka jazi na muziki wa okestra wa Ulaya, ikarefusha nyimbo na kubadilisha mapigo ndani ya wimbo mmoja. Albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyotolewa Oktoba 1969, huhesabiwa miongoni mwa misingi yake. La tatu lilikuwa roki ya majaribio, ambayo bendi kama Can ya mjini Köln, iliyoundwa mwaka 1968, iliifanya studio yenyewe kuwa ala ya muziki, kwa kukata na kuunga kanda za sauti mpaka kikatokea kitu ambacho hakikuwahi kupigwa jukwaani.

Historia ya matawi hayo kwa kawaida huandikwa kana kwamba ilianza na kumalizika Ulaya na Marekani. Hata hivyo, kati ya mwaka 1972 na miaka ya mwisho ya muongo huo, vijana wa Zambia, hasa wale wa miji ya migodi ya Kitwe, Ndola na Chingola, walirekodi albamu nyingi za roki ambazo leo husikilizwa kote duniani kwa jina la Zamrock, yaani roki ya Zambia. Muziki huo umeelezwa mara kwa mara kuwa mwigo wa Waingereza na Wamarekani uliopatikana mahali usipotarajiwa. Maelezo hayo hayatoshi. Zamrock ilikuwa zao la vitu vitatu vilivyokutana kwa wakati mmoja, yaani fedha za shaba, redio na sera za taifa changa, na vyote vitatu viliota juu ya mazoea ya kale ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati ya kuchukua muziki wa mgeni na kuufanya wao. Mambo yaleyale yaliyoukuza ndiyo yaliyouzima.

Kabla ya gitaa la umeme

Mazoea hayo yana historia inayowahusu moja kwa moja watu wa Pwani. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji kama Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma ya beni, ambayo wachezaji wake waliiga bendi za tarumbeta za kijeshi, wakavaa sare, wakajipa vyeo vya wafalme, magavana na maofisa, na kushindana mtaa kwa mtaa kwa mavazi, nyimbo na karamu. Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza beni barani, kwa kuwa askari na wapagazi waliokuwa wameijua huko Afrika Mashariki waliporejea makwao waliibeba hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Katika Ukanda wa Shaba, yaani eneo la migodi lililo kaskazini mwa Zambia karibu na mpaka wa Kongo, ngoma hiyo iliitwa mbeni, na vyama vyake vilikuwa na nguvu kiasi kwamba wachimbaji walipogoma Mei 1935 huko Mufulira, Nkana na Luanshya, na polisi wakawaua watu sita huko Luanshya, tume iliyochunguza ghasia hizo iliviangalia vyama vya mbeni kama sehemu ya mtandao uliowaunganisha wafanyakazi.

Kutoka mbeni ilitokea kalela, ngoma iliyochunguzwa na mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell huko Luanshya na kuandikiwa kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji wa kalela hawakuvaa ngozi wala majani. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, tai na viatu vinavyong'aa, na miongoni mwao alikuwemo mmoja aliyeitwa daktari, aliyevaa koti jeupe. Huku wakiwa wamevalia hivyo waliimba kwa Kibemba wakisifu watu wa kwao na kuwatania wa makabila mengine waliokutana nao mgodini. Umbo la nje lilikuwa la Kizungu, lakini mambo yaliyosemwa ndani yake yalikuwa ya mjini, ya Kiafrika na ya wakati huo. Mwanahistoria anayeyafahamu hayo hawezi kushangaa kwamba miaka 20 baadaye wajukuu wa utamaduni huo walivaa suruali pana za kengele, wakafuga nywele na kuimba juu ya maisha ya Kitwe wakiwa na magitaa ya umeme begani.

Gitaa kavu nalo lilikuwa na njia yake. Ng'ambo ya mpaka, katika Katanga, mpigaji Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, alirekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akipiga gitaa kwa mtindo wa vidole viwili vinavyoendesha besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, na kuimba kwa Kiswahili cha huko. Migodi ya Katanga na ya Rhodesia ya Kaskazini ilichota vibarua kutoka watu walewale, kwa hiyo mtindo huo ulivuka mpaka bila kuhitaji pasipoti.

Aidha, mwaka 1949 kampuni ya betri ya Ever Ready, kwa kushawishiwa na Harry Franklin, ofisa wa habari wa serikali ya kikoloni mjini Lusaka, ilitoa redio ya bei nafuu iliyotumia betri kavu na ambayo sanduku lake la duara, lililopakwa rangi ya buluu, lilitokana na umbo la sufuria. Redio hiyo iliuzwa kwa takriban pauni tano, na kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa mgodini aliweza kumiliki chombo cha kusikiliza matangazo kwa lugha yake, zikiwemo nyimbo za Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki wa kituo cha Lusaka aliyechanganya nyimbo za asili na mpangilio wa sauti wa Kimarekani. Kizazi kilichounda Zamrock kilizaliwa katika nyumba zenye redio hizo.

Fedha za shaba

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 chini ya Kenneth Kaunda. Ilikuwa nchi yenye mali na yenye upungufu mkubwa wa watu waliosoma, kwani wahitimu wake wa vyuo vikuu walikuwa kama 100 tu, ilhali migodi yake ilikuwa miongoni mwa mikubwa duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uzalishaji wa shaba ulizidi tani 700,000 kwa mwaka, na madini hayo yalileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yote ya nchi kutokana na mauzo ya nje. Serikali ilitumia fedha hizo kujenga shule za sekondari, hospitali na Chuo Kikuu cha Zambia, na mwaka 1969 ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za makampuni ya migodi.

Matokeo yake katika muziki yalikuwa ya wazi. Mchimbaji wa Kitwe alikuwa na mshahara wa kila mwezi. Wanawe walikuwa shuleni, wakijifunza Kiingereza kinachoeleweka na Mbemba, Mlozi, Mtonga na Mnyanja bila kupendelea yeyote. Na makampuni ya migodi yalikuwa yamejenga kumbi za burudani katika makazi ya wafanyakazi. Palikuwepo, kwa hiyo, wapigaji, lugha ya pamoja, ukumbi na wateja wenye nauli na kiingilio. Muziki wa nje nao ulifika kwa njia nyingi: santuri zilizoachwa au kuletwa na Wazungu wa migodini, magazeti ya muziki kutoka Uingereza, na redio ya masafa mafupi ya Lourenço Marques, mji mkuu wa Msumbiji ya wakati huo, iliyosikika kote kusini mwa Afrika. Majina yaliyopendwa yalikuwa Rolling Stones, Jimi Hendrix, Cream, Deep Purple, Black Sabbath na Grand Funk Railroad. Mwaka 1970 James Brown alizuru Zambia, na baadaye wakaja Osibisa, bendi ya London iliyoongozwa na Waghana, ambayo iliwaonyesha vijana wa Zambia kwamba Mwafrika anaweza kupiga roki bila kuacha ngoma zake.

Bendi na santuri

Bendi iliyojulikana kuliko zote ni WITCH, jina ambalo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wanakusudia kuleta vurugu. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, alipewa na mashabiki jina la Jagari, lililotokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Pamoja naye walikuwa Chris Mbewe kwenye gitaa la solo, John Muma kwenye gitaa la rithimu, Gedeon Mulenga kwenye besi na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Albamu yao ya kwanza, Introduction, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutajwa kuwa miongoni mwa santuri ndefu za mwanzo kabisa kutolewa na bendi ya Zambia kwa ajili ya soko, na ilifuatwa na In the Past mwaka 1974, Lazy Bones!! mwaka 1975, Lukombo Vibes mwaka 1976 na Including Janet mwaka 1977. Anayezisikiliza kwa mpangilio huo husikia safari iliyo kamili, kwani bendi inayoanza na roki ya gereji, yaani roki ya vijana wenye vyombo vichache na ujuzi unaokua, inafikia katika Lazy Bones!! ukomavu wa saikedelia yenye giza na upole, kisha inaelekea polepole kwenye mapigo ya nyumbani.

Musi-O-Tunya, iliyochukua jina la maporomoko makubwa ya mto Zambezi, ilifuata njia nyingine, na njia hiyo ilipita Afrika Mashariki. Bendi hiyo, iliyokuwa na mpiga gitaa Rikki Ililonga na mpiga besi Derick Mbao, ilihamia Kenya kwa muda na kurekodi jijini Nairobi albamu ya Wings of Africa, iliyotoka mwaka 1975. Nairobi wakati huo ilikuwa kitovu cha biashara ya santuri kwa eneo zima, penye studio, mitambo ya kukandamiza santuri na ofisi za makampuni ya kimataifa, kiasi kwamba wanamuziki kutoka Tanzania na Zaire walikwenda huko kurekodi. Katika albamu hiyo gitaa lenye sauti ya mkwaruzo linakaa juu ya ngoma za mkono na tarumbeta, na mstari wa besi unarudiwarudiwa kama ufanywavyo katika muziki wa dansi wa ukanda huu. Ililonga aliachana na kundi na kutoa albamu yake mwenyewe, aliyoiita Zambia, mwaka huohuo wa 1975.

Kundi la Amanaz lilitoa albamu moja tu, Africa, mwaka 1975, na wapenzi wengi wa Zamrock huiweka katika daraja la juu kabisa. Kanda za albamu hiyo zilichanganywa mara mbili. Katika mchanganyiko mmoja sauti ni kavu, ala zote ziko karibu na sikio, na kila kasoro ya kidole inasikika. Katika mwingine sauti na magitaa yametiwa mwangwi mzito, yaani sauti imerudishwa juu yake yenyewe kwa kuchelewa kidogo, mpaka nyimbo zilezile zinasikika kana kwamba zinapigwa ndani ya ukumbi mtupu usiku. Hakuna noti iliyobadilishwa, lakini hisia imekuwa nyingine kabisa, ya huzuni na umbali. Huo ni ushahidi mzuri kwamba watu wa Zambia hawakuchukua kutoka roki ya majaribio mapigo peke yake. Walielewa pia kwamba chumba cha fundi mitambo ni mahali pa kutungia.

Paul Ngozi, aliyeiongoza Ngozi Family, alikuwa wa aina tofauti na hao. Alipiga gitaa kwa meno jukwaani, akaimba sauti ileile ambayo gitaa lake linacheza, na kusimulia habari za mitaa ya maskini, ndoa zilizovunjika na watu wanaojikweza. Albamu ya Day of Judgement ya mwaka 1976 haina urembo wowote: gitaa moja kali, besi na ngoma. Chrissy Zebby Tembo, mpiga ngoma aliyeshirikiana naye, aliimba katika My Ancestors ya mwaka 1974 juu ya mizimu, mauti na upweke. Ngozi ndiye aliyeonyesha mapema zaidi kwamba roki hiyo ingeweza kuimbwa kwa Kinyanja na kueleweka na mtu ambaye hakukanyaga sekondari, na ndiyo maana umaarufu wake nyumbani ulidumu kuliko wa wengi wa rika lake.

Sauti yenyewe

Alama inayoitambulisha Zamrock kwa haraka ni fazi. Fazi ni kisanduku kidogo kinachowekwa sakafuni baina ya gitaa na kikuza sauti, chenye transista zinazokuza mawimbi ya umeme kupita kiwango cha uwezo wake, hadi vilele vya mawimbi hayo vinakatwa na kuwa bapa. Sikio hulipokea wimbi hilo lililokatwa kama mkwaruzo mnene unaodumu muda mrefu kuliko sauti safi ya gitaa. Pamoja nayo kilitumika kikanyagio cha wawa, ambacho mpigaji hukiyumbisha kwa mguu ili kupitisha masafa fulani ya sauti na kuzuia mengine, na gitaa likasikika kama kinywa kinachofunguka na kufumba.

Vifaa hivyo vilikuwa pia na faida ya kivitendo, nayo hutajwa mara chache. Bendi ya Ukanda wa Shaba haikuwa na kundi kubwa la wapiga tarumbeta na saksafoni kama bendi za dansi za Dar es Salaam au Kinshasa. Aghalabu ilikuwa na watu wanne au watano. Gitaa moja lenye fazi lilijaza nafasi ambayo kwingineko ilijazwa na safu nzima ya ala za kupuliza. Studio nazo zilikuwa na njia chache tu za kunasia sauti kwa pamoja kwenye kanda, hivyo wapigaji walilazimika kurekodi karibu wimbo wote kwa mkupuo mmoja wakiwa wamesimama pamoja. Ukavu na ukali ambao msikilizaji wa leo huusifu kama uamuzi wa kisanaa ulitokana kwa sehemu na uhaba, na ustadi wa wanamuziki hao uko katika jinsi walivyoutumia uhaba huo badala ya kuuficha.

Katika maneno, nyimbo nyingi hazina ndoto za rangi zilizojaa katika saikedelia ya California. Zinazungumzia kufiwa, kukosa kazi, rafiki aliyepotea, pombe, Mungu na uhuru. Muziki uliobuniwa kwingine kwa ajili ya kuukimbia uhalisia ulitumika Zambia kuukabili. Hilo ndilo jambo jipya ambalo Zamrock ililiongeza katika historia ya roki, na linastahili kutajwa kwanza kila muziki huo unapojadiliwa.

Taifa na redio

Mataifa mapya ya eneo hili yalitofautiana katika namna yalivyowakabili vijana wenye mitindo ya kigeni. Dar es Salaam, Novemba 1969, mamlaka zilipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na kudhalilisha utamaduni wa taifa. Hata hivyo hamu haikuisha, na bendi ya Sunburst ya jijini humo, iliyowaunganisha wapigaji wa Tanzania na wa nchi nyingine, ilipiga roki ya Kiafrika na kutoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa na kuimba hadharani, alichukua njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia.

Agizo hilo halikuuliza kama wimbo unapigwa kwa ngoma ya asili au kwa fazi. Lilidai tu kwamba uwe umetengenezwa na Wazambia. Redio ilihitaji nyimbo nyingi kwa haraka, na bendi za roki zilikuwa tayari. Wafanyabiashara nao waliitikia. Mjini Ndola Edward Khuzwayo aliendesha kampuni ya Zambia Music Parlour, iliyotoa santuri nyingi za Zamrock, na tawi la kampuni ya santuri ya Teal nalo lilikuwa hapo. Inasemekana hata jina la Zamrock lilitoka kinywani mwa mtangazaji wa redio, Manasseh Phiri, ambaye baadaye alikuwa daktari na mtetezi mashuhuri wa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kwa miaka michache, sera ya utamaduni, soko na vipaji vilivuta upande mmoja.

Agizo hilohilo lilikuwa na tunda la pili. Wasikilizaji walipozoea kusikia muziki wa nyumbani saa zote, walianza kudai ule unaofanana zaidi na wao. Bendi nyingi zikaelekea kwenye lugha za asili na kwenye kalindula, mtindo wa dansi unaohusishwa hasa na mkoa wa Luapula na uliopata jina lake kutokana na ala ya besi iliyotengenezwa kwa mikono. Paul Ngozi alivuka daraja hilo kwa urahisi, kwa sababu alikuwa ameshaanza kulijenga. Wengine waliokuwa wameshikamana na Kiingereza waliachwa nyuma.

Kuzimika

Bei ya shaba, iliyopanda sana mwanzoni mwa mwaka 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu kabla mwaka uliofuata haujamalizika, wakati gharama za mafuta zilikuwa zimeshapanda tangu mwaka 1973. Nchi isiyo na bahari ilikuwa pia imebanwa kwa njia za kupitishia mizigo. Mpaka na Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ulifungwa Januari 1973, na reli ya Benguela kupitia Angola ilikatika mwaka 1975 kwa sababu ya vita. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 na kuiokoa Zambia isikwame kabisa, lakini haikuweza kurudisha bei ya shaba. Fedha za kigeni zilipoadimika, serikali iliweka mbele mafuta, dawa na vipuri vya migodi. Magitaa, nyuzi, vikuza sauti na malighafi za santuri, ambavyo vyote viliagizwa kutoka nje, vilisubiri.

Vita vya ukombozi viliongeza mzigo. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, na ililipia ukarimu huo kwa damu, kwani mwaka 1978 na 1979 majeshi ya Rhodesia yalishambulia kambi zilizo ndani ya nchi na hata jiji la Lusaka. Miongoni mwa waliouawa katika mashambulizi ya mwaka 1978 alikuwa Alick Nkhata. Miji iliyozimwa taa usiku na yenye watu walioogopa kutoka haiwezi kuilisha bendi inayotegemea kiingilio cha mlangoni. Bendi zilijaribu kucheza mchana, kisha disko likaja na mashine moja iliyofanya kazi ya wanamuziki watano, halafu kaseti za wizi zikaua soko la santuri. WITCH yenyewe iliingia miaka ya 1980 ikiwa na wapigaji wapya na mapigo ya disko. Chanda alikuwa ameshaondoka. Alisomea muziki katika chuo cha Evelyn Hone mjini Lusaka, akafundisha, na baadaye akatafuta riziki kwa kuchimba vito.

Pigo la mwisho lilikuwa ukimwi, uliotambuliwa rasmi nchini humo katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1987 Kaunda alitangaza hadharani kwamba mwanawe alikuwa amefariki kwa maradhi hayo, kauli iliyokuwa ya nadra kwa kiongozi wa Afrika wakati huo. Kizazi cha wanamuziki wa Zamrock kilipukutika katika miaka hiyo. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989, na katika kikosi kilichorekodi albamu za WITCH za miaka ya 1970 ni Chanda peke yake aliyesalia. Walipokufa watu hao, maelezo ya nani alipiga nini, wapi na kwa malipo gani yalizikwa pamoja nao.

Kurudi kwa muziki na deni lililobaki

Kuanzia miaka ya 2010 makampuni madogo ya santuri ya Marekani na Ulaya, hasa Now-Again ya California, yalianza kuzitoa upya albamu hizo, na mwaka 2017 ukafuata mkusanyo wa juzuu mbili wenye maelezo ya kihistoria. Filamu ya kumbukumbu kuhusu WITCH ilitoka mwaka 2019. Chanda, akiwa mzee, alirudi jukwaani na wapigaji vijana wa Ulaya, akazunguka nchi nyingi na kurekodi albamu mpya, Zango, iliyotoka mwaka 2023. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family katika wimbo wake wa NOID, na mamilioni ya vijana wakalisikia gitaa la Ngozi bila kumjua mpigaji wake.

Kurudi huko ni heri, lakini kuna jambo zito ndani yake. Santuri nyingi zilizotumiwa kutengenezea matoleo mapya zilipatikana kwa wakusanyaji wa mbali, kwa kuwa nyumbani kanda za asili zilikuwa zimepotea, zimefutwa ili zitumike tena au zimeharibiwa na joto na vumbi. Historia ya muziki wa Zambia iliokolewa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa nje ya Zambia, na kazi ya kuwatafuta warithi wa kulipwa ikawa ngumu mahali ambapo mikataba haikuandikwa au haikuhifadhiwa.

Somo hilo linaihusu Afrika Mashariki bila kuzunguka. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, santuri zilizotengenezwa Nairobi na rekodi za bendi za Lubumbashi na Bujumbura ni za umri uleule na ziko katika hatari ileile, na wapigaji waliosalia ni wazee. Taasisi za utangazaji, vyuo vikuu na vyama vya hakimiliki vya eneo hili vina wajibu wa kuzinakili kanda hizo kidijitali, kuandika majina ya kila mpigaji aliyemo na kumtambua mrithi wa kila haki, na vina wajibu wa kufanya hivyo sasa, kwa sababu Zamrock imeonyesha kwamba ulimwengu hatimaye huja kuutafuta muziki wa Afrika, na anayelipwa ni yule aliyekuwa ameuhifadhi.